Dereva wa lori la mafuta ya kula Tunduma: kazi yake, hatari zake na haki zake

Dumu la mafuta ya kula linalouzwa kwa kupimwa kwenye duka la kijijini kwako halikufika pale lenyewe. Kuna mtu alilihesabu likipakiwa, akalipitisha kwenye mizani na milima, akalala nalo kwenye foleni, kisha akalikabidhi kwa saini yake. Mtu huyo ni dereva wa lori.

Katika makala hii tunaeleza kazi ya madereva wanaosambaza na kukusanya mafuta ya kula katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, na barabara zinazouzunguka. Tumeiandika kwa ajili ya kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii, familia ambayo baba au kaka yuko barabarani, na mkulima wa alizeti anayempa dereva mafuta yake ayapeleke mjini. Wote hawa wanaguswa na jambo moja ambalo tutalirudia mara kwa mara: dereva akishasaini kupokea mzigo, kila lita inayopungua ataulizwa yeye.

Kwa nini Tunduma

Tunduma uko mpakani mwa Tanzania na Zambia. Ukivuka unaingia Nakonde. Barabara kuu ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam inapita Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya na Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, ndipo inafika mpakani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni takriban kilomita 1,000 nyingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo inavukia hapa, lakini mizigo mingi siku hizi huenda kwa malori.

Mji huu pia ni njia panda. Barabara ya lami ya kwenda Laela na Sumbawanga, mkoani Rukwa, inaanzia Tunduma. Pale Mpemba, kabla hujaingia mjini, kuna barabara ya kwenda Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi.

Kwa sababu hiyo mafuta ya kula hufika Tunduma kutoka pande nyingi. Kutoka Dar es Salaam huja mafuta ya mawese yaliyosafishwa viwandani. Tanzania inahitaji zaidi ya tani laki tano za mafuta ya kula kwa mwaka, na kwa miaka mingi uzalishaji wa ndani umekuwa chini ya nusu ya mahitaji hayo. Sehemu kubwa ya pengo hilo huzibwa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Kutoka vijijini Rukwa, Momba na Mbozi huja mafuta ya alizeti, na kutoka Kyela huja mawese ya huko. Kisha kuna mafuta yanayoendelea na safari kuvuka mpaka kwenda Zambia na hata Kongo.

Bei ya bidhaa hii hupanda na kushuka kwa mambo yanayotokea mbali sana na Songwe. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilizuia alizeti ya huko kutoka, na Indonesia ikapiga marufuku kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Mama lishe wa Tunduma aliona mabadiliko hayo kwenye bei ya dumu. Dereva naye aliyaona kwa namna nyingine: mzigo wake ulikuwa ghali zaidi, na macho ya wezi yakauelekea zaidi.

Madereva wa aina tatu

Watu husema tu "dereva wa mafuta", lakini kazi hizi hazifanani.

Wa kwanza ni dereva wa tanki. Anabeba mafuta yasiyofungashwa, mara nyingi mafuta ghafi ya mawese kutoka bandarini kwenda viwandani, au yaliyosafishwa kwenda kwa mfungashaji. Tanki lake linatakiwa liwe la chakula. Tanki lililobeba petroli, dizeli au kemikali halifai kubebea mafuta ya kula, hata likioshwa kwa sabuni na maji ya moto barabarani.

Wa pili ni dereva wa semi ya madumu na katoni. Huyu anatoka kiwandani au ghala la jumla na kushusha kwa wafanyabiashara wakubwa wa Tunduma, au kuendelea hadi Zambia.

Wa tatu ni dereva wa mzunguko, mwenye Fuso au Kenta. Asubuhi anapakia madumu Tunduma na kuyasambaza kwenye maduka ya Vwawa, Mlowo, Kamsamba au Laela. Akirudi hataki kurudi mtupu. Anapita kwenye mashine za kukamua alizeti, anakusanya mafuta ya wakulima na mashudu, anayaleta mjini. Kwa wasikilizaji wetu wengi wa vijijini huyu ndiye dereva wanayemfahamu kwa jina.

Mzigo una uzito gani

Lita moja ya mafuta ya kula ni nyepesi kuliko lita moja ya maji. Ina uzito wa gramu 920 hivi. Dumu la lita 20 lina kilo 18 na kidogo za mafuta, na ukiongeza plastiki yenyewe linakaribia kilo 19 na nusu. Kwa hesabu hiyo, Kenta yenye uwezo wa tani 4 inabeba madumu 200 hivi. Semi inayobeba tani 28 ina zaidi kidogo ya madumu 1,400. Tanki la lita 30,000 lina mafuta ya tani 27 na nusu hivi.

Dereva anatakiwa kuijua hesabu hii kichwani, kwa sababu ndiyo itakayomwambia kama mzigo umezidi kabla mizani haijamwambia. Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, gari lolote, pamoja na mzigo wake, halizidi tani 56. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, ekseli mbili zinazofuatana tani 18, na ekseli tatu zinazofuatana tani 24. Semi ya kawaida yenye ekseli sita kwa hiyo inaishia tani 50: 8 za mbele, 18 za nyuma ya kichwa, na 24 za tela.

Kumbuka kwamba unaweza kuwa ndani ya tani 50 na bado ukakamatwa, kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Madumu yakirundikwa mbele ya tela, ekseli za kichwa zinazidiwa huku za nyuma zikiwa na nafasi. Ndiyo maana dereva mzoefu hasimami kivulini wakati wa kupakia. Anasimama pale pale na kupanga pamoja na wapakiaji.

Saini ya kwanza ndiyo kubwa

Kabla gari halijaondoka, dereva hupewa karatasi: ankara, risiti ya mashine ya EFD, na hati ya kukabidhi mzigo ambayo wengi huiita dilivari. Hati hii ya mwisho ndiyo inayomfunga. Ikiandikwa madumu 1,400 na yeye akasaini, basi mbele ya mwenye mzigo na hata mbele ya sheria amekubali kwamba amepokea madumu 1,400.

Ni rahisi kukosea. Kupakia huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku, na wapakiaji wanalipwa kwa kasi yao. Dumu tano zikirukwa katika 1,400, jicho halioni. Zikigundulika Tunduma baada ya siku mbili, swali la kwanza ni: "Dereva, umeuza wapi?"

Kwa hiyo madereva wenye uzoefu hufanya mambo haya:

- Wanahesabu kwa safu wakati wa kupakia, si baada ya turubai kufungwa. Safu ikikamilika, dereva na karani wa ghala wanaiandika wote wawili.
- Wanalitazama kila dumu kifuniko. Dumu linalovuja linarudishwa palepale.
- Wakikuta upungufu au dumu lililopasuka, wanaliandika kwenye hati yenyewe kabla ya kusaini, na karani anasaini pembeni.
- Wanaipiga picha hati na mzigo kwa simu. Picha ina tarehe na saa.
- Kwenye tanki, wanaandika namba za lakiri, ambazo wengine huziita sili, za juu na za chini. Namba hizo zikifika zilivyo, dereva ana ushahidi mkubwa kwamba tanki halikufunguliwa.

Mafuta yanayopungua bila kuibwa

Hili linawagombanisha watu wengi, nalo lina maelezo ya kisayansi yaliyo mepesi.

Mafuta yakipata joto hutanuka, yakipoa hunywea. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka, lita 1,000 za mafuta ya kula hupungua takriban lita 0.7. Sasa tuseme dereva amepakia lita 30,000 Dar es Salaam mchana wa jua kali. Amepanda hadi Tunduma, mji ulioko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi ni Juni. Mafuta yakipoa nyuzi 10 tu, tanki lile lile litapimwa likiwa na lita 210 pungufu. Hakuna aliyeiba. Kilo ni zile zile, ila lita zimepungua.

Dereva asiyejua jambo hili hukosa la kusema, na mwenye mzigo asiyelijua huamini kwamba ameibiwa madumu kumi. Dawa yake ni kupima kwa kilo pande zote mbili, kwenye mizani ya kupakilia na mizani ya kushushia, na kuandika joto la mafuta kila yanapopimwa kwa lita. Mkataba wa usafirishaji nao useme mapema ni upungufu wa kiasi gani unaokubalika.

Madumu yaliyofungwa hayana ugomvi huo wa vipimo, lakini yana wake. Mafuta ya mawese huanza kuganda na kuwa meupe kwenye baridi. Kuanzia Mafinga na Makambako hadi Mbeya na Tunduma, asubuhi za Juni na Julai hilo ni la kawaida. Mnunuzi asiyeelewa anaweza kukataa mzigo akidhani umechanganywa na kitu kingine. Mafuta yaliyoganda hayajaharibika. Yakipata joto yanarudi kuwa maji. Lakini asitokee mtu akawasha moto chini ya gari au kando ya madumu ili kuyeyusha. Plastiki na mafuta vikishika moto, lori zima linaondoka.

Milima na tanki lisilojaa

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kuna sehemu ambazo kila dereva anazijua kwa majina. Kitonga, mkoani Iringa, una kona kali na magari mazito yanayopanda taratibu. Mlima Nyoka na mteremko wa kuelekea Mbalizi, mkoani Mbeya, vimeshuhudia malori mengi yakikosa breki. Mbele yake kuna Senjele, ukiingia Songwe.

Kanuni ya mteremko ni ya zamani na bado ni ile ile: shuka kwa gia uliyotumia kupandia, na ushike gia hiyo kabla mteremko haujaanza. Anayetegemea breki peke yake huzichemsha, na breki zikichemka hazishiki. Kuna wanaozima injini au kuweka gia huru ili kuokoa dizeli. Dizeli inayookolewa hivyo ni kidogo, na gharama yake imekuwa ni maisha ya watu waliokuwa kwenye daladala mbele yao.

Kwa mwenye tanki kuna la ziada. Tanki lililojaa hutulia. Tanki la nusu ndilo hatari, kwa sababu mafuta yanakimbia mbele ukifunga breki na kuhamia pembeni ukikata kona, na uzito huo unaweza kulilaza gari. Matanki mazuri yana vyumba ndani vya kuzuia mafuta yasikimbie. Hata hivyo dereva anayetoka kushusha sehemu ya mzigo anapaswa kwenda taratibu kuliko alivyokuja.

Gari likianguka, tunaomba wasikilizaji walisikie hili kwa makini. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Mafuta ya kula hayalipuki kama petroli, lakini hilo lisikupe ujasiri wa kusogea na ndoo. Kwa mbali huwezi kujua tanki limebeba nini. Dizeli ya gari lenyewe inaweza kuwa inamwagika. Barabara iliyomwagikiwa mafuta ya kula inateleza kuliko tope, na gari linalofuata litashindwa kusimama. Zaidi ya hayo, mafuta yale yana mwenyewe, na dereva aliyelala chini akivuja damu ndiye atakayeulizwa yalikokwenda. Anayefika kwanza amsaidie majeruhi, aweke matawi barabarani kwa mbali pande zote mbili, na apige simu polisi.

Mpakani: kungoja ndiyo kazi

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, Tunduma na Nakonde. Kwa utaratibu huu gari halikaguliwi mara mbili. Lori linalotoka Tanzania linasimama upande wa Nakonde, ambako maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja. Linalotoka Zambia linasimama Tunduma.

Kituo kilileta nafuu, ila foleni haikuisha. Barabara ni moja, magari ni mengi, na mtandao wa kompyuta ukisimama kila kitu kinasimama. Malori yanaweza kujipanga kwa kilomita kadhaa. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi kuonekana kwa wingi pale, na madereva wakajikuta hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Kwa dereva wa mafuta ya kula, foleni ni wakati wa hatari kuliko mwendo. Gari limesimama, usiku ni mrefu, na wezi wanajua kupasua turubai kimya kimya. Kuna pia wanaokuja na maneno matamu: "Kaka, nipe dumu mbili tu, hakuna atakayejua." Au wananunua lita chache kutoka kwenye tanki na kuahidi kujazia mafuta mengine. Dereva anayekubali ameharibu vitu viwili kwa pamoja. Ameiba, na ameingiza kwenye chakula cha watu mafuta asiyoyajua yametoka wapi.

Nyaraka anazotakiwa kuwa nazo dereva anayevuka ni pasi ya kusafiria, leseni hai, kadi ya gari, karatasi za forodha zilizoandaliwa na wakala, na bima inayotambulika ng'ambo. Kadi ya njano ya COMESA inakubalika Zambia, na Tanzania ipo kwenye mpango huo wa bima ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mafuta yanayopita kwenda nchi nyingine hufungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA inayofuatiliwa njia nzima. Kuikata bila ofisa ni kosa, hata kama sababu yako ni njema.

Halafu kuna njia za panya. Tunduma na Nakonde zimeungana kiasi kwamba unaweza kuvuka bila kujua. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo bidhaa inayovuka hapa inatoka kwenye himaya moja ya forodha na kuingia nyingine. Bajeti ya Tanzania ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje hadi asilimia 25, na yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kuwalinda wakulima wa ndani. Kila bei zinapotofautiana pande mbili za mpaka, kuna atakayetaka kupitisha madumu usiku kwa pikipiki au Kenta. Tajiri mwenye mzigo hayupo kwenye gari. Anayekamatwa ni dereva, na gari linaweza kutaifishwa.

Kukusanya mafuta vijijini

Msimu wa alizeti ukifika, kuanzia Mei na kuendelea, dereva wa mzunguko hupata kazi ya pili. Hapa pande zote mbili, mkulima na dereva, hupoteza fedha kwa mambo madogo.

Madumu ndiyo ya kwanza. Dumu lililokuwa na dawa ya shambani, dizeli au sabuni ya maji halifai hata likioshwa mara kumi, kwa sababu plastiki hunywa kilichokuwa ndani yake. Dumu lililofuliwa na kujazwa likiwa bado na maji huharibu mafuta, yakaota harufu kabla ya kufika sokoni.

La pili ni mashapo. Mafuta yaliyotoka kukamuliwa yana vumbi la mbegu. Yaachwe yatulie, yachujwe, ndipo yapakiwe. Mnunuzi wa mjini akikuta mashapo chini ya dumu anakata bei, na mkulima aliyebaki kijijini anadhani dereva amemdanganya.

La tatu ni jua. Madumu ya alizeti yafunikwe turubai. Mwanga na joto huyaharibu mafuta.

La nne ni maandishi. Mkulima, usimpe dereva madumu kwa kuaminiana tu kwa sababu ni mtoto wa jirani. Andikeni kwenye daftari: tarehe, idadi, uzito, namba ya gari, bei mliyokubaliana na nani analipa likipasuka njiani. Wote wawili wekeni saini, na kila mmoja apige picha. Karatasi hiyo inamlinda mkulima, na inamlinda dereva vilevile.

Viwanda na wafungashaji wanaouza mafuta wanasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dereva anayebeba katoni zenye nembo ya ubora azibebe zikiwa zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani.

Mafuta yaliyokwisha kutumika

Wauza chipsi na hoteli hubaki na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Katika nchi nyingi, ikiwamo Kenya, kuna wanaoyakusanya na kuyageuza kuwa dizeli ya mimea, na wengine huyatengenezea sabuni. Ni kazi halali. Sharti lake ni moja: mafuta hayo yasirudi jikoni. Yabebwe kwenye vyombo vyake vilivyoandikwa, visivyochanganywa na madumu ya mafuta mapya. Dereva akiombwa kubeba mafuta meusi "yakachujwe kisha yauzwe", ajue anaombwa kubeba sumu ya polepole kwenda kwa watu wake mwenyewe.

Haki za dereva

Mwezi Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori walifanya mgomo nchi nzima. Miongoni mwa madai yao yalikuwa mikataba ya kazi. Madai hayo hayajazeeka. Bado kuna madereva wanaoishi kwa posho ya safari tu, bila karatasi inayosema mshahara wao ni kiasi gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivi. Mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na pamoja na saa za ziada zisizidi 12 kwa siku. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Kuhusu mafuta yaliyopungua, sheria hiyo hairuhusu tajiri kukata mshahara anavyotaka. Ili akate fidia ya hasara, ni lazima hasara itokee kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ni lazima ampe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Ni lazima ampe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi, na yasizidi robo ya mshahara wake. Sasa unaona kwa nini tumesisitiza picha, namba za lakiri na saini ya karani. Siku ya kupinga, hizo ndizo sauti yako.

Mwajiri pia anatakiwa kumwandikisha dereva NSSF na kumchangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Dereva akiumia kazini, au akifa, familia inaanzia hapo. Mke wa dereva, mwulize mumeo leo kama ameandikishwa. Usisubiri siku ya msiba ndipo uulize.

Dereva akiachishwa kazi isivyo haki, anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya mshahara, ni ndani ya siku 60. Wengi hukosa haki kwa kuchelewa, wakizungushwa na ahadi za "njoo wiki ijayo".

Kwa anayetaka kuingia kwenye kazi

Leseni ya malori makubwa ni daraja E, na hupewi siku ya kwanza. Unatakiwa uwe na leseni ya daraja D kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mafunzo yanapatikana vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam. Wengi huanza kama utingo, wakijifunza kufunga turubai, kubadili tairi na kuhesabu mzigo kabla ya kushika usukani. Ni shule nzuri, lakini utingo asiye na leseni asikubali kuendesha gari dereva akiwa amelala.

Kazi hii inakaa mbali na nyumbani. Miji ya mpakani ina pombe, ina uchovu, na ina maambukizi ya VVU. Dereva anayepima afya yake, anayetumia kinga na anayelala vya kutosha ndiye anayerudi.

Kwa kifupi

- Hesabu kabla ya kusaini, na uandike kasoro kwenye hati yenyewe.
- Pima kwa kilo. Lita hubadilika na joto.
- Panga mzigo kwa ekseli, si kwa jumla ya tani tu.
- Shuka kwa gia ndogo, na usisogelee gari lililoanguka ukiwa na ndoo.
- Mkulima na dereva waandikiane, hata kama ni ndugu.
- Dai mkataba, NSSF na WCF kabla ya safari ya kwanza.

Mafuta ya kula ni chakula. Anayeyabeba anabeba chakula cha watu asiowajua, kuanzia Sumbawanga hadi ng'ambo ya Nakonde. Akiyafikisha yote, safi na kwa hesabu, amefanya kazi ya heshima. Nasi wengine tumsaidie arudi nyumbani na mshahara wake kamili.